Bwawa Nyuma ya Pikapu: Maswali Yenu na Majibu Yake

Jua likiwa kali, maswali yanayonifikia hubadilika. Wengi wenu sasa mnataka kujua namna ya kugeuza nyuma ya pikapu kuwa bwawa la kuogelea: unatandika turubai, unajaza maji, watoto wanaingia, na wakubwa nao wanafuata. Naipenda kazi hii. Haidai kuchimba shimo wala kujenga ukuta, na gari lililobeba mbao na saruji juma zima linapata siku moja ya kuwafurahisha wenye nyumba. Lakini maji ni mzigo, tena mzigo mzito usiotulia, na karibu kila mlichouliza kinarudi hapo. Nimeanza na swali linalopaswa kutangulia mengine yote.

Shikamoo fundi. Pikapu ya baba imeandikwa uwezo wa tani moja. Nikijaza maji mpaka juu, itahimili?
*Kijana wa likizo*

Marahaba, mwanangu. Ukijaza mpaka juu umeshaumaliza uwezo wake kabla hata mtu mmoja hajaingia. Hesabu yake ni nyepesi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na mita moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani hiyo hiyo tani. Chukua futikamba, pima urefu, upana na kina cha bodi, yaani ile sehemu ya nyuma ya kubebea mizigo, kwa mita, kisha zidisha. Pikapu nyingi za milango minne zina bodi ya karibu mita 1.5 kwa mita 1.5, na kuta za kama sentimita 45. Hapo unapata mita 1.01 za ujazo. Matao ya magurudumu yatapunguza kidogo, lakini bado unazungumzia kilo zinazokaribia 1,000. Pikapu ya milango miwili yenye bodi ya mita 2.3 ikijaa inakaribia kilo 1,550.

Sasa angalia: ule uwezo ulioandikwa si wa maji peke yake. Humo humo wanahesabiwa watu, turubai, mablanketi ya kutandika chini, hata chuma chochote alichoongeza baba juu ya bodi baada ya kununua gari. Watu wazima wanne wa kilo 70 ni kilo 280. Toa hizo kwenye 1,000, unabaki na 720. Ndiyo maana nawaambia watu wakomee sentimita 25 hadi 30. Kwa sentimita 30 bodi ile ya mita 1.5 inachukua lita 675, na mtu mzima aliyekaa kitako maji yanamfika kiunoni. Wakikaa wanne, kiwango kinapanda sentimita kadhaa zaidi. Kwa kujipoza siku ya joto, hicho ni kina cha kutosha kabisa.

Kuna jambo linalowapoteza wengi. Bwawa likiwa limejaa hadi ukingoni, anayeingia anamwaga maji nje kwa kadiri anavyozama, kwa hiyo uzito wa jumla haupandi sana. Bwawa likiwa nusu, hakuna kinachomwagika, na kilo zake zote zinaongezeka juu ya springi. Watu hujaza nusu, wakatazama gari limekaa vizuri, wakaridhika, halafu wakaingia watu sita. Hesabu ifanyike na watu wakiwemo, tangu mwanzo.

Uzito unaoruhusiwa utauona kwenye kibao au kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva katika magari mengi, au kwenye kitabu cha gari. Uzito wa juu unaoruhusiwa, toa uzito wa gari tupu: kinachobaki ndicho unachoruhusiwa kupakia. Jaza upepo wa tairi za nyuma kwa kiwango kilichoandikwa cha gari lenye mzigo, si kile cha gari tupu.

Na gari likiwa la zamani, usiliamini kibandiko tu. Kabla ya kufungua bomba, lala chini ya gari ukiwa na tochi na nyundo ndogo. Mulika bolti zinazoishika bodi kwenye chasisi, moja baada ya nyingine, kisha sakafu ya bodi pale inapokutana na ukuta wa mbele, kwa sababu tope hujificha hapo na kubaki na unyevu. Gonga taratibu. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa na kutu kinatoa sauti butu, na magamba ya kahawia yanakudondokea usoni. Ukiyaona magamba hayo kwenye bolti za bodi, funga bomba na ulipeleke gari kwa fundi. Bwawa litasubiri.

Ninachohofia ni ule mlango wa nyuma. Hautafunguka wenyewe maji yakiusukuma?
*Dereva wa mizigo*

Hofu yako ni ya msingi, kaka. Kwa maji ya kina cha sentimita 45 na mlango wa upana wa mita 1.5, msukumo wote juu ya mlango ni sawa na uzito wa karibu kilo 150. Ukishusha maji hadi sentimita 30, msukumo unashuka hadi kama kilo 67. Kina kimepungua kwa theluthi moja, lakini nguvu imepungua kwa zaidi ya nusu, kwa sababu msukumo wa maji kwenye ukuta unakwenda kwa mraba wa kina. Urefu wa bodi hauna nafasi katika hesabu hii: bodi fupi na bodi ndefu zinausukuma mlango wake sawasawa.

Mlango mzima wenye kufuli nzuri unazimudu kilo 67 bila tabu. Shida ni kwamba kufuli za pikapu ya kazi huwa zimechakaa. Kamata mlango uliofungwa, uvute na kuusukuma kwa nguvu. Mlango ukicheza na kugonga, usiutegemee. Pitisha mkanda wa mizigo wenye kikazio kwa nje ya mlango, ufunge ncha zake kwenye pete za kufungia zilizo pande zote mbili, kisha kaza. Kwa ndani simamisha ubao mpana wa plaiwudi unaofunika mlango wote, turubai lipite juu yake. Ubao huo unagawa msukumo na pia unaziba ule mwanya wa chini ambao turubai hupenda kujipenyeza mpaka likachanika.

Tena usimruhusu mtu kuukalia mlango huo, wala watoto kucheza nyuma ya gari wakati maji yamo. Mlango ukiachia, tani nzima ya maji na watu inatoka kwa mkupuo mmoja.

Turubai langu la kwanza lilivuja ndani ya saa moja. Ninunue la aina gani na ukubwa gani?
*Mama wa mapacha*

Pole, mama. Naamini lilikuwa lile jepesi la plastiki iliyofumwa, linalofunikia mizigo. Lile linazuia mvua inayoteremka, lakini maji yaliyokaa juu yake yanatafuta kila tundu la sindano. Tafuta turubai zito la PVC, lile la malori, lenye uso laini pande zote mbili. Mpira mzito wa kutandika mabwawa ya samaki nao ni mzuri sana kwa sababu unanyumbuka na kufuata kona.

Ukubwa unaupata hivi: chukua urefu wa bodi, ongeza kina mara mbili, kisha ongeza sentimita 30 kila upande za kukunjia nje. Kwa bodi ya mita 1.5 yenye kuta za sentimita 45, hiyo ni 1.5 kuongeza 0.9 kuongeza 0.6, jumla mita 3. Upana nao unafanya hivyo hivyo, kwa hiyo turubai lako liwe la mita 3 kwa 3. Bodi ya mita 2.3 inataka mita 3.8 kwa 3. Usibane hesabu ili uokoe kipande. Turubai fupi ndilo linalochanika.

Kabla ya kulitandika, fagia bodi mpaka usikie kwa kiganja kwamba hakuna changarawe. Pitisha mkono mtupu, polepole, kwenye kona zote na juu ya matao ya magurudumu. Kila unapokwaruzwa, turubai nalo litakwaruzwa, likiwa na mamia ya kilo juu yake. Vichwa vya bolti na kulabu za kufungia kamba vifunike kwa vipande vya mpira wa tairi la ndani, kisha tandika mablanketi ya zamani au zulia kuukuu sakafuni na kwenye kuta.

Ukishatandika turubai, usilivute likakaza. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na huenda ndipo ulipoharibikiwa. Liache lilegee, likae lenyewe mpaka ndani kabisa ya kona, na ziada ya pembeni uikunje kama bahasha bila kukata popote. Jaza sentimita 5 za maji, panda ndani bila viatu, na usukume mikunjo kwa nyayo kuelekea kona. Maji yakifika sentimita 10, uzito wake umeshalikandamiza turubai mahali pake. Sasa ndipo ufunge kingo kwa kamba kuzunguka bodi. Ukifunga kwanza na kujaza baadaye, maji yanalivuta turubai kuelekea chini, na matundu ya kamba yanachanika moja baada ya lingine.

Tukiendesha polepole sana, barabara ya vumbi tu isiyo na magari, watu wakiwa ndani ya maji?
*Wapenda raha*

Hapana. Naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu swali hili limeletwa na wengi kuliko jingine lolote, na kila mmoja ameongeza neno "polepole".

Mzigo wa saruji ukifunga breki unabaki ulipo. Maji hayabaki. Ukikaza breki kiasi, kwa nguvu ya theluthi moja hivi ya mvutano wa dunia, uso wa maji unalala kimshazari: katika bodi ya mita 1.5 upande wa mbele unapanda zaidi ya sentimita 20 na wa nyuma unashuka kiasi hicho hicho. Maji yaliyokuwa ya sentimita 30 sasa yanavuka ukuta wa sentimita 45 na kumwagikia kabini. Halafu yanarudi nyuma kwa kishindo, yanagonga mlango, yanarudi tena. Kila mrudio unalisukuma gari wakati dereva anajaribu kulisimamisha. Kwenye kona ni vibaya zaidi: maji yote yanakimbilia upande wa nje, yaani upande ule ule ambao gari linataka kuangukia. Malori ya kubeba mafuta yana kuta za matundu ndani ya matangi yake kwa sababu hii hii, ili mafuta yasipate uwanja mrefu wa kukimbia. Bodi ya pikapu haina chochote cha kuyazuia maji.

Na watu? Mtu aliyekaa kwenye maji juu ya turubai lililolowa hana pa kushika, hana mkanda. Nchi nyingi zinakataza kabisa kubeba watu nyuma ya gari la wazi, na hata pale ambapo sheria imenyamaza, mwili unaorushwa kutoka kwenye bodi unatua barabarani kwa mwendo ule ule wa gari.

Najua baadhi yenu mmeona picha za gari lenye bwawa likitembea. Lipo kweli. Wahandisi wa Kanada waliigeuza Cadillac DeVille ya mwaka 1969 kuwa beseni la maji ya moto linaloendeshwa, na mwaka 2014 wakalipeleka kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah, Marekani. Lakini gari lile lilifumuliwa na kuimarishwa kwa chuma, likatengenezewa beseni lake la faibaglasi, na joto la injini likaunganishwa ili lipashe maji. Ilikuwa kazi ya miaka. Uwanda wenyewe ni tambarare nyeupe isiyo na kona wala mtu wa kugongwa. Turubai na kamba nyuma ya pikapu ni kitu kingine kabisa.

Kwa hiyo liegeshe gari mahali litakapobaki, ndipo ujaze. Tafuta ardhi ngumu iliyo sawa. Mteremko mdogo wa asilimia 5 unaleta tofauti ya sentimita 7.5 kati ya ncha mbili za bodi ya mita 1.5. Tia gia, vuta breki ya mkono, kinga tairi mbele na nyuma kwa magogo au mawe makubwa, kisha chomoa ufunguo na uuweke mbali na watoto.

Naweza kuacha injini inaunguruma ili muziki usizime betri?
*Msikilizaji wa redio*

Usithubutu, ndugu yangu. Bomba la moshi la pikapu linatokea nyuma, chini kabisa ya hao waliokaa majini. Moshi huo una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na dalili zake za mwanzo, kichwa kuuma na kizunguzungu, zinafanana na za mtu aliyekaa sana juani. Injini izimwe muda wote. Muziki upige kwa spika ndogo ya kuchaji. Na waya wowote wa umeme wa nyumbani, uwe wa pampu, wa feni au wa taa, usifike karibu na bodi hiyo wakati mtu yumo ndani.

Springi zimelala sana nikijaza. Niliinue kwa jeki?
*Fundi wa kujifunza*

Jeki inateleza, na gari lenye maji likiteleza halitoi onyo. Stendi imara mbili chini ya chasisi, juu ya ardhi ngumu, zinaweza kuzipumzisha springi, lakini sakafu ya bodi na bolti zake zinabaki na mzigo ule ule. Springi zikilala, gari limekwambia maji yamezidi. Punguza. Njia nzuri zaidi ni kusimamisha ubao imara katikati ya bodi, ukiwa umeegemezwa vizuri kwa mihimili nyuma yake, ili bwawa lichukue nusu tu ya nafasi. Nusu ya bodi kwa sentimita 30 ni kama lita 340, na watoto wawili wadogo wanatosha humo kwa raha.

Sina pikapu, nina trela la magurudumu mawili. Linafaa?
*Mkulima*

Linafaa kwa masharti. Trela lisilofungwa kwenye gari linasimama kwa magurudumu na mguu wa mbele, basi. Watu wawili wakihamia nyuma, pua inanyanyuka na bwawa zima linamwagika. Weka nguzo imara chini ya ncha zote mbili, mbele na nyuma, kabla ya tone la kwanza la maji, na uhesabu uzito kama nilivyoeleza hapo juu. Ukiwa na chombo cha chuma kinachokaa chini ardhini ni bora zaidi. Mwaka 2010 jiji la New York liliweka makontena ya taka yaliyogeuzwa mabwawa kwenye barabara ya Park Avenue, na watu wakaogelea katikati ya jiji. Kontena limelala chini, halina springi wala tairi za kulemewa.

Maji yakae siku ngapi? Kuyamwaga kila siku naona ni hasara.
*Mtunza maji*

Nakuelewa, dada. Maji ni mali, na kuyamwaga kunauma. Lakini bwawa hili halina chujio wala mzunguko, na maji yake ni machache kwa idadi ya miili inayoingia. Jasho, vumbi la miguu, mafuta ya ngozi, na kwa watoto wadogo mkojo, vyote vinabaki humo. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti na kuzuia magonjwa, inashauri mabwawa madogo ya watoto ya kujaza na kumwaga yamwagwe kila siku na kusafishwa. Mimi nasema hivyo hivyo kwa bodi ya pikapu: maji ya asubuhi yatoke jioni.

Klorini inasaidia ndani ya siku hiyo moja. Kiwango cha chini kinachoshauriwa kwa mabwawa ni miligramu 1 ya klorini huru kwa lita. Tukilenga miligramu 2 kwa kila lita katika bwawa la lita 675, kwa dawa ya maji ya kung'arishia nguo isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5, unahitaji mililita 27 hivi, chini kidogo ya vijiko viwili vikubwa. Ichanganye kwanza kwenye ndoo ya maji, mwaga ukizunguka bwawa, koroga, na watu wasubiri nusu saa. Usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya usafi. Ikikutana na asidi inatoa hewa ya sumu. Jua kali huimaliza klorini kwa saa chache, kwa hiyo usifikiri dozi ya asubuhi bado inafanya kazi alasiri. Karatasi za kupimia klorini ndizo zitakazokuambia ukweli.

Mwenye kuhara asiingie, hata ajisikie nafuu. Kimelea kiitwacho Cryptosporidium kinaweza kuishi zaidi ya juma moja ndani ya maji yenye klorini ya kawaida. Kila mtu aoge kwa sabuni kabla ya kupanda, na miguu isuuzwe kwenye beseni lililowekwa penye ngazi. Hilo beseni la miguu peke yake linabadilisha rangi ya maji ya jioni.

Kuhusu hasara: maji yasiyo na klorini nyingi yanamwagilia miti na nyasi vizuri. Yaache yakae juani saa kadhaa bila watu kabla ya kuyapeleka bustanini, lakini uwepo hapo hapo ukiyalinda. Na usiyaache yakalala siku nyingi, kwa kuwa mbu katika joto anahitaji siku 7 hadi 10 tu kutoka yai hadi kuruka.

Mwanangu ana miaka mitatu. Maji ni ya magotini tu kwa mtu mzima. Naweza kumwacha na kaka yake wa miaka tisa?
*Mzazi wa watatu*

Usimwache, mzazi mwenzangu, hata kwa muda wa kwenda kuchukua taulo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto wa miaka mitatu ana kichwa kizito kwa mwili wake. Akiteleza na kuanguka kifudifudi kwenye turubai laini, mikono haipati pa kujisukumia, na maji ya sentimita chache yanatosha kumziba pua na mdomo. Hapigi kelele. Anayezama hana pumzi ya kupigia kelele, na kaka yake wa miaka tisa, akiwa anacheza, atadhani mdogo wake anapiga mbizi.

Mtu mzima mmoja aitwe mlinzi wa maji, na awe karibu kiasi cha kumfikia mtoto kwa mkono. Simu aiweke mbali. Akichoka, amkabidhi mwingine kwa kusema, "Sasa ni wewe," na huyo ajibu. Nasisitiza hili la kusema kwa sauti kwa sababu penye watu wazima wengi kila mmoja hudhani mwenzake anaangalia.

Pikapu inaongeza hatari moja ambayo bwawa la ardhini halina, nayo ni kimo. Ukingo wa bodi uko zaidi ya mita moja kutoka ardhini katika magari mengi, na chuma kilicholowa kinateleza. Weka ngazi pana iliyofungwa upande mmoja tu, na wote wapande na kushuka hapo, wakiutazama mwili wa gari. Kuruka kutoka juu ya kabini kuingia kwenye maji ya sentimita 30 kumewahi kuvunja shingo za watu wazima katika maji ya kina kama hicho. Kukatazwe kabla ya mtu kufikiria. Kingo za chuma zilizopigwa na jua zinaunguza ngozi ya mtoto, basi zifunike kwa taulo zilizolowa, na kivuli kitandazwe juu tangu mapema. Shughuli ikiisha, bwawa limwagwe siku hiyo hiyo. Bwawa lenye maji na lisilo na mlinzi lisilale.

Maji ya bomba ni baridi mno, watoto wanatetemeka.
*Shangazi*

Jaza mapema asubuhi, shangazi, na uyaache juani. Maji ya kina kifupi hupata joto haraka, na turubai jeusi linasaidia. Ukitaka kuharakisha, chemsha. Lita 20 zinazochemka, zikimiminwa kwenye lita 680 za nyuzi 22, zinapandisha bwawa kwa kama nyuzi 2. Sufuria tatu kubwa za namna hiyo utazihisi. Mimina kabla mtu hajaingia, koroga mpaka chini, kisha tumbukiza kiwiko upime. Moto usiwashwe chini ya gari wala karibu nalo, kwani tangi la mafuta liko huko huko chini. Na mtoto anayetetemeka au midomo yake ikibadilika rangi atoke, akaushwe, avishwe nguo, hata akilia kutaka kurudi.

Nimwageje maji bila kufungua mlango, na kutu nitaizuiaje?
*Mwenye pikapu mpya*

Umeuliza vizuri, maana kufungua mlango ghafla kunamrusha aliyesimama nyuma na kuchimba shimo chini ya tairi. Tumia mpira wa maji. Uzamishe wote ndani ya bwawa mpaka mapovu yaishe, ziba ncha moja kwa kidole gumba, itoe nje ukiishusha chini ya sakafu ya bodi, kisha achia. Ncha nyingine ibaki imezama, ikishikiliwa na jiwe laini. Maji yatajivuta yenyewe. Lita 675 zitatoka kwa kati ya nusu saa na saa mbili, kutegemea unene na urefu wa mpira, na ukiwa na mipira miwili muda unapungua kwa nusu. Elekeza maji mbali na tairi, ardhi isije ikalainika gari likiwa bado zito. Yakibaki ya vidole viwili, ndipo unaweza kuushusha mlango polepole ukiwa umesimama kando.

Kisha toa kila kitu siku hiyo hiyo: turubai, ubao, mablanketi. Usiseme utatoa kesho. Blanketi lililolowa likilala juu ya chuma usiku kucha linaanza kutu pale pale lilipogusa mkwaruzo, na klorini inaongeza kasi. Kama bodi ina kava la plastiki la kiwandani, lifungue na uliinue, kwa sababu maji hujificha chini yake yasionekane. Suuza bodi kwa maji safi, hasa kama ulitumia ya chumvi, zibua matundu ya kutolea maji kwenye kona kwa kijiti, na uache mlango wazi juani mpaka pakauke. Mikwaruzo mipya ipake rangi ya kuzuia kutu. Turubai nalo lianikwe pande zote mbili, lisikunjwe bichi, na kabla ya kulihifadhi litazame dhidi ya mwanga: tundu utakaloliona leo utaliziba kwa kipande cha PVC na gundi yake kwa dakika chache.